Jake Gittes: mpelelezi wa mafumanizi aliyeangukiwa na kesi ya maji

Ukiwauliza wapenzi wa muvi za upelelezi wakutajie mpelelezi binafsi mwenye matatizo yake, wengi watakuletea yule jamaa mlevi, mke kamkimbia, ofisi imejaa vumbi na chupa iko kwenye droo ya meza, na ndo maana Chinatown ya mwaka 1974 huwa inawachanganya wanaoiangalia mara ya kwanza, manake steringi wake Jake Gittes hana hata kimoja kati ya hivyo. Suti zake zimenyooka. Ofisi ya maana, ana wasaidizi wawili na sekretari, wateja wanaingia, hela ipo. Kamwigiza Jack Nicholson na ukimwangalia tu unaona ni mtu anayejikubali. Shida yake iko sehemu nyingine na mimi naona ni mbaya kuliko pombe: anaamini akishaujua ukweli basi kazi imeisha, yaani kwake yeye kujua na kuweza ni kitu kimoja. Dakika 131 za hii muvi zinaonyesha bei ya hiyo imani, na wanaokuja kuilipa ni watu wengine kabisa. Nitaiongelea mpaka mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaiona bora aiangalie kwanza ndo arudi.

Kazi ya Gittes ni mafumanizi. Sini ya kwanza kabisa ni picha za mwanamke na mwanaume porini, na anayeziangalia ni mume wake, mvuvi mmoja anaitwa Curly, analia mpaka anang'ata mapazia ya ofisi, na Gittes anampoza kwa kinywaji kama mtu aliyezoea kuona waume wakilia. Ni Los Angeles ya 1937, kuna ukame, jua kali, mji unaongelea maji tu. Halafu anakuja mama mmoja anajitambulisha kama mke wa Hollis Mulwray, mhandisi mkuu wa maji wa mji, anasema mume wangu anatoka nje nataka umfuatilie. Gittes anamfuatilia. Anamkuta Mulwray kasimama kwenye mto uliokauka anaangalia udongo, anamkuta ufukweni mpaka usiku anaangalia maji yanamwagwa baharini, tena kipindi hicho hicho cha ukame, na msaidizi wake Walsh naye akimfuatilia anarudi amechoka kabisa, anasema yule bwana kichwani kwake mmejaa maji tu.

Hapo ndo pa kupaangalia vizuri. Ushahidi wote wa kesi kubwa Gittes kaushika mkononi ndani ya zile siku za mwanzo, kauona kwa macho yake, lakini kwa sababu katumwa kutafuta mchepuko anauona kama usumbufu unaomcheleweshea kazi. Anasubiri huyo mchepuko atokee. Anatokea binti mmoja, Gittes anapiga picha, picha zinafika magazetini, heshima ya Mulwray inachafuka kipindi ambacho anapinga bwawa jipya lisijengwe, na kesho yake ofisini anaingia mke halisi wa Mulwray, Evelyn, ameigiza Faye Dunaway, anamwambia hatujawahi kuonana mimi na wewe. Gittes kaingizwa mjini. Baada ya muda mfupi Mulwray anaopolewa amekufa maji, na mapafuni mwake yamekutwa maji ya chumvi wakati mwili umetolewa kwenye maji baridi.

Sasa ili uelewe kwa nini muvi ya mauaji imebebwa na habari za mabwawa na mifereji inabidi ujue historia ya ule mji, na hapa aliyeandika skripti, Robert Towne, alichukua kitu kilichotokea kweli akakisogeza mbele kama miaka 30 hivi. Los Angeles ilijengwa sehemu kame. Mwanzoni mwa karne ya 20 meya mstaafu Fred Eaton na mkuu wa maji wa mji William Mulholland walipiga hesabu ya bonde la Owens, mbali huko kaskazini chini ya milima ya Sierra Nevada, kulikokuwa na mto unaotokana na theluji. Eaton akaanza kununua ardhi ya wakulima kule na wengi hawakujua kwamba nyuma yake kuna mji mzima wenye kiu. Mwaka 1905 wapiga kura wakakubali mkopo wa dola milioni 1.5 wa kuanzia, 1907 wakakubali mwingine wa dola milioni 23, na Novemba 1913 mfereji wenye urefu wa kilomita karibu 375 ukafunguliwa. Mulholland siku ile maji yalipoanza kushuka aliwaambia watu maneno machache sana: hayo hapo, chukueni.

Lakini maji hayakuishia mjini. Yalifikia bonde la San Fernando, ambalo wakati huo lilikuwa nje ya mipaka ya mji, kavu, bei ya ardhi iko chini, na kabla hata umma haujajua mfereji unapita wapi kuna kundi la matajiri lilikuwa limeshajiwekea maelfu ya ekari pale. Kwenye hilo kundi alikuwemo Harrison Gray Otis, mwenye gazeti la Los Angeles Times lililokuwa linawahimiza wananchi wapige kura ya ndiyo, na alikuwemo Moses Sherman aliyekuwa anakaa kwenye bodi ya maji yenyewe. Mwaka 1915 bonde likaingizwa ndani ya mji, maji yakafika kisheria, ardhi ikapanda bei na wenye ardhi wakawa matajiri zaidi. Kule Owens wakulima wakabaki wanaangalia mashamba yanakauka, 1924 wakafikia kulipua mfereji kwa baruti, haikusaidia. Ziwa la Owens likakauka likawa jangwa la vumbi la chumvi, na mpaka karne hii Los Angeles imelazimika kutumia zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza tu hilo vumbi.

Nimekaa sana hapa kwa sababu naona wachambuzi wengi wanaipita hii sehemu haraka wakimbilie kuongelea suti na muziki. Sawa, muziki wa Jerry Goldsmith ni mzuri mno, ile tarumbeta ya mwanzo, na aliuandika ndani ya siku kama kumi baada ya muziki wa kwanza kukataliwa. Ila nguvu ya muvi inatoka kwenye uhalifu usiofanana na uhalifu. Mtu anayenunua shamba hajavunja mlango wa mtu, ana karatasi, ana mwanasheria, ana muhuri wa serikali. Mpelelezi aliyefundishwa kusubiri nje ya hoteli na kamera atamkamataje mtu kama huyo?

Na Gittes anajitahidi, tuwe wakweli. Akili anayo nyingi. Anaweka saa za mfukoni za bei rahisi chini ya tairi la gari ili likiondoka liisage saa na yeye ajue limeondoka saa ngapi. Anavunja taa moja ya nyuma ya gari la Evelyn ili aweze kulifuata gizani. Anaenda ofisi ya kumbukumbu za ardhi, anachana karatasi kwenye kitabu huku anakohoa ili karani asisikie, anagundua ardhi kubwa ya bondeni imeuzwa miezi ya karibuni na mmoja wa wanunuzi alishakufa wiki moja kabla hajanunua. Kwenda kuangalia, wanunuzi ni wazee wa makazi ya wazee, wanashona zao mashuka, hawajui kama wana hata ekari moja. Msomaji wa Dar au Nairobi sidhani kama anahitaji kuelezewa hapo, ardhi ya kigogo kuandikwa jina la mtu asiyejua lolote ni stori tuliyoisikia mara nyingi. Wakati huohuo maji yanamwagwa usiku ili mji uamini ukame ni mbaya kuliko ulivyo, upigie kura bwawa, na bwawa likijengwa maji yaende kwenye lile bonde.

Dairekta Roman Polanski alifanya uamuzi mmoja ambao kwangu ndo umeibeba muvi yote. Hamna sini hata moja ambayo Gittes hayupo. Chochote tunachokijua tumekijua naye, kamera mara nyingi iko nyuma ya bega lake, akipigwa akazimia kule kwenye mashamba ya machungwa skrini inakuwa nyeusi na sisi tunazimia naye, akifungua macho ndo tunaona tena. Kwenye skripti kulikuwa na sauti yake ya kusimulia kama ilivyokuwa desturi ya muvi za aina hii, Polanski akaitoa. Faida yake ni kwamba hatupati nafasi ya kumzidi akili. Akikosea tunakosea pamoja, akimshuku Evelyn na sisi tunamshuku, na tunapokuja kugundua tulikuwa tunamshuku mtu anayekimbia mateso tunajisikia vibaya kwa namna ambayo muvi nyingine nyingi za upelelezi haziwezi kukufanya ujisikie. Halafu kuna ile pua. Mapema tu jamaa mmoja mfupi, ni Polanski mwenyewe kaigiza, anamchana Gittes pua kwa kisu kwa kosa la kuchungulia mambo ya watu, na steringi wetu anatembea muda mrefu wa muvi na bandeji kubwa usoni. Fikiria studio kubwa ya Hollywood, nyota wake mkubwa, halafu sura yake imefungwa bandeji. Ila ni sahihi, manake kazi yake ni kunusa na kila anayemwona anajua kwamba alinusa akaadhibiwa.

Nyuma ya yote yupo Noah Cross, baba wa Evelyn, kaigiza John Huston. Wachambuzi wanapenda kukumbushia kwamba huyu Huston ndo aliyeongoza The Maltese Falcon ya 1941, muvi iliyoweka sura ya mpelelezi binafsi kwenye sinema za Marekani, kwa hiyo hapa ni kama mzee mwenye nyumba karudi kuwa adui. Cross hapigi kelele. Anamkaribisha Gittes chakula cha mchana, anakosea jina lake kila mara, anamuuliza kama analala na binti yake. Zamani yeye na Mulwray walimiliki maji ya mji kama mali yao binafsi mpaka Mulwray akasema maji ni ya watu wote, yakawa ya umma.

Watu wengi wanasema Chinatown ina stori mbili, ya maji na ya familia, na kwamba Towne kaziunganisha kwa ustadi. Mimi nasema ni stori moja. Sini inayojulikana kuliko zote ni pale Gittes anapompiga Evelyn makofi akitaka aambiwe yule binti wanayemtafuta ni nani, na Evelyn anajibu ni mdogo wangu, kofi, ni mwanangu, kofi, mpaka inamtoka kwamba ni vyote viwili, manake baba yake mzazi ndo baba wa huyo mtoto, na wakati huo Evelyn alikuwa na miaka 15. Gittes anasimama pale mkono umemwishia nguvu. Mtu aliyemwingilia mwanae na mtu aliyeukausha mji ni mtu mmoja na kosa ni moja: anaona kila chenye uhai kilicho karibu yake ni chake. Gittes anapomuuliza una utajiri wa kutosha, unaweza kununua nini ambacho huna tayari, mzee anajibu kwamba anachonunua ni wakati ujao, na sentensi chache baadae anamwulizia yule binti. Hatofautishi kabisa. Bonde ni wakati ujao na mtoto ni wakati ujao, vyote anavitaka kwa jina lake.

Na ona jinsi Gittes alivyokosea mara mbili kwa kugeuza. Mwanzoni alipewa kesi ya umma akaiona ni ya chumbani. Alipokuja kuelewa ni ya umma, mambo ya karatasi na hati na mabwawa, akaacha kuangalia nyumbani, akabaki anamwona Evelyn ni mjane mwenye siri anayeweza kuwa ndo muuaji. Miwani aliyoikuta kwenye bwawa la maji ya chumvi bustanini kwa Evelyn akaichukulia ni ushahidi dhidi yake. Ni Evelyn anayemwambia, wakati anafungasha mizigo, kwamba mume wake hakuwa anavaa miwani ya aina ile, ya bifocal, ambayo kila kioo kina sehemu ya kuonea mbali na ya kuonea karibu, kumbe ni ya Cross.

Sisi tuliosoma riwaya za upelelezi za Kiswahili tumelelewa na aina nyingine ya mpelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anakaa na kiko chake pale Unguja, anaunganisha vipande, mwisho anawakusanya watu anawaeleza na ukweli ukisemwa mambo yanakaa sawa, walioonewa wanapata haki yao. Willy Gamba wa Elvis Musiba yeye ana serikali nyuma yake na ana bastola. Wote wawili wanaishi kwenye dunia ambayo ukweli una pa kupelekwa. Gittes anaupata ukweli wote, kila kipande, hajakosa hata kimoja, halafu hana pa kuupeleka, na badala ya kutulia awaze nani ataniamini anafanya jambo la mtu anayejikubali kupita kiasi: anamwita Cross waonane, wawili tu, anamtolea ile miwani amwonyeshe kwamba kajua. Kwa nini? Alitegemea mzee atafanya nini? Mtu wa Cross anamnyang'anya miwani kwa bastola, ushahidi umeisha hapohapo, na Gittes analazimishwa kuwapeleka mpaka alipojificha Evelyn.

Kajificha Chinatown. Zamani Gittes alikuwa polisi kule, na tunaambiwa kidogo sana kuhusu hicho kipindi, kwamba maelekezo ya polisi yalikuwa fanya kidogo iwezekanavyo kwa sababu huwezi kujua nini kinaendelea pale, na kwamba kulikuwa na mtu alijaribu kumlinda asiumizwe na kule kumlinda ndo kukafanya aumizwe. Hilo ndo jeraha lake. Halizungumzwi kwa machozi, linapita kwenye mazungumzo ya usiku mmoja kitandani, ila ukilijua unaelewa zile suti, ule ujasiri, ile hasira yake akiambiwa kazi yake ni ya uchafu. Na mwisho anarudia kitu kilekile. Polisi wanamfunga pingu, anapiga kelele kwamba muuaji ni Cross, hamna anayesikiliza, Evelyn anampiga baba yake risasi ya mkono anaondoa gari na binti, polisi mmoja anafyatua, gari linasimama kwa mbali na honi inalia bila kukatika. Risasi imepita kwenye jicho la Evelyn, jicho ambalo Gittes mwenyewe aliwahi kuona lina doa. Cross anamkumbatia binti anamziba macho anaondoka naye. Ndo anaambiwa sahau Jake, hapa ni Chinatown.

Towne hakuandika mwisho ule. Kwake yeye Evelyn alitakiwa amuue baba yake na mtoto asalimike. Polanski akakataa, wakagombana sana, na mwisho wa Polanski ndo uliopita. Miaka mitano kabla, Agosti 1969, mke wake Sharon Tate aliuawa akiwa mjamzito mjini humohumo Los Angeles, na wengi wanasema ule mwisho umetoka kwenye hilo jeraha. Sijui kama mtu anaweza kupima hilo, ila nakubaliana na Polanski kwa sababu ya muvi yenyewe: historia ya bonde la Owens haina sini ambayo tajiri anaanguka. Walioweka ardhi San Fernando walikufa matajiri na mitaa ina majina yao. Aliyeanguka ni Mulholland, 1928, bwawa lake la St. Francis lilipopasuka usiku likaua zaidi ya watu 400, akasema lawama ni zake. Muvi ikapata uteuzi 11 wa Oscar ikashinda moja tu, na iliyoshinda ni skripti ya Towne, yenye mwisho ambao hakuutaka.

Ila kuna jambo siwezi kuandika kuhusu Chinatown nikaliacha. Mwaka 1977 Polanski alikamatwa kwa kumfanyia vitendo vya ngono mtoto wa miaka 13, nyumbani kwa Nicholson, ambaye mwenyewe hakuwepo. Akakiri mahakamani kosa la kufanya ngono na mtoto, na 1978 kabla ya hukumu akakimbilia Ufaransa, hajarudi Marekani mpaka leo, na 2003 akapewa Oscar ya udairekta akiwa hukohuko. Aliyetuonyesha mzee tajiri anamchukua mtoto mbele ya polisi na polisi wanaangalia, alikuja kukwepa hukumu ya kosa la aina hiyohiyo na sekta nzima ya sinema ikaendelea kumpigia makofi. Wanaosema tutenganishe kazi na mtu wana haki ya kusema hivyo, mimi nikifika ile sini ya mwisho siwezi kutenganisha, na sioni kwa nini nijilazimishe.

Na lipo pengo lingine ndani ya muvi yenyewe. Wachina wenyewe wamefanywa nini humu? Watumishi wa Evelyn, mzaha mmoja mchafu anaoupata Gittes kwa kinyozi, na mtaa wa sini ya mwisho. Jina la mtaa wao limegeuzwa kuwa jina la giza, la mahali ambapo huwezi kuelewa chochote. Wakati ukiangalia Los Angeles halisi ya 1937, Chinatown ya zamani ilikuwa inabomolewa tangu 1933 ipishe stesheni kubwa ya treni, Union Station, iliyofunguliwa 1939. Wakazi wengi walikuwa wapangaji, na sheria ya California ya 1913 ilikuwa inawazuia wahamiaji wa kutoka Asia kumiliki ardhi, kwa hiyo hawakuwa na hati ya kushika wakati mabuldoza yanafika. Huko Owens nako kabla ya wakulima wazungu kulikuwa na Wapaiute, wenyeji wa asili wa lile bonde, waliokuwa wanachimba mifereji yao ya umwagiliaji, nao hawamo kabisa. Towne aliandika skripti bora kuliko karibu zote ninazozijua kuhusu ardhi kuchukuliwa kwa karatasi, akaiita kwa jina la mtaa uliokuwa unachukuliwa kwa karatasi mwaka uleule, na hakuna mtu hata mmoja kwenye muvi anayelisema hilo. Ningetaka Gittes, ambaye alifanya kazi pale akiwa polisi na anajua kusoma vitabu vya hati, awe ndo wa kulisema.